Sassicaia: mvinyo ghali wa Italia uliokaa daraja la chini kabisa kwa miaka zaidi ya 20

Kuna swali linawachanganya wengi wakianza kufuatilia mvinyo wa Italia, na kusema kweli wana haki ya kuchanganyikiwa. Inakuwaje Sassicaia, mvinyo mwekundu ambao chupa moja leo unaikuta euro mia mbili na kuendelea, kwa zaidi ya miaka 20 ulikuwa unauzwa kama "vino da tavola", yani mvinyo wa mezani, ngazi ya mwisho kabisa kwenye sheria, ngazi ileile ya mvinyo unaoletewa kwenye jagi ukila tambi kwenye kimgahawa cha pembeni? Na hata leo mambo hayajanyooka, maana ukienda supamaketi ukachukua chupa ya Chianti ya bei chee, mvinyo mwingine mwekundu wa Toscana, kwenye makaratasi hiyo Chianti iko daraja la juu kuliko Sassicaia. Ndo hivyo, sijakosea kuandika.

Wengi wanalimaliza hili kwa kusema sheria za Italia ni za ovyo. Mi naona hilo jibu la haraka mno, kwa sababu sheria ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu, shida ni kwamba kazi yake sio ile ambayo sisi wanunuzi tunadhani. Ila ili hapo paeleweke lazima tuanze na ndoa mbili, kwa sababu hii habari yote bila ukoo haieleweki.

Pwani ya Toscana, upande wa mkoa wa Livorno, kuna kijiji kinaitwa Bolgheri. Kwa karne na karne ardhi ya maeneo hayo ilikuwa ya ukoo wa della Gherardesca, watu wazito wa Pisa tangu enzi za kati, huko ndiko anakotoka yule Konti Ugolino ambaye mshairi Dante alimtupa jehanamu kwenye utenzi wake. Sasa mabinti wawili wa ukoo huu ndo waliobadilisha historia ya mvinyo wa Italia bila hata kukusudia. Clarice aliolewa mwaka 1930 na Mario Incisa della Rocchetta, bwana mwenye cheo cha Marchese kutoka Piemonte, na kupitia kwa Clarice shamba la Tenuta San Guido likaingia kwenye familia ya Incisa. Dada yake, Carlotta, aliolewa na Niccolò Antinori wa Firenze, na Antinori ni familia iliyo kwenye biashara ya mvinyo tangu mwaka 1385. Watoto wa Carlotta ni Piero na Lodovico Antinori. Kwa hiyo Mario ni mume wa dada wa mama yao, kwa hesabu za kwetu huyo ni baba yao tu. Shika hilo, litarudi.

Tenuta San Guido ni kubwa, kama hekta 2,500, inaanzia ufukweni inapanda mpaka milimani, urefu wa kilomita kama 13 hivi, na mizabibu inachukua kipande kidogo tu. Barabara yake yenye miti ya cypress inayotoka San Guido kwenda Bolgheri, karibu kilomita 5 imenyooka, inajulikana Italia nzima kwa sababu ya mshairi Giosuè Carducci, yule aliyepata Nobel mwaka 1906, ambaye aliishi pale utotoni. Lakini kwa mvinyo? Hakuna aliyekuwa anaisema Bolgheri. Huo ukanda wa Maremma ulikuwa wa vinamasi na malaria kwa muda mrefu, na wakulima waliamini kabisa kwamba upepo wa bahari unaharibu zabibu na huwezi kutoa mvinyo wa maana karibu na maji ya chumvi. Watu walilima nafaka na kufuga.

Na farasi. Hapa lazima nisimame kidogo, maana huwezi kumuelewa Mario bila farasi. Alikuwa mshirika wa Federico Tesio kwenye zizi la Dormello Olgiata, na Tesio kwenye dunia ya farasi wa mbio ni jina linalotajwa kwa heshima mpaka leo. Zizi hilo lilimtoa Ribot, farasi aliyekimbia mbio 16 akashinda zote 16, ikiwemo ile kubwa ya Arc de Triomphe ya Paris mara mbili mfululizo, 1955 na 1956. Mtu aliyezoea kufikiri kwa vizazi, huyu nimpandishe na nani, kizazi cha tatu kitatoka vipi, akigeukia mizabibu hashangai akiambiwa subiri miaka 10 ndo uonje. Halafu kwao Piemonte kulikuwa na babu wa ukoo, Leopoldo Incisa della Rocchetta, ambaye kwenye karne ya 19 alikusanya na kuorodhesha mamia ya aina za zabibu. Kwa hiyo huu sio utundu wa tajiri aliyekosa cha kufanya, ugonjwa ulikuwa kwenye damu.

Mario akiwa mwanafunzi Pisa miaka ya 1920 alikuwa na ndoto moja, atengeneze Italia mvinyo wa hadhi ya Bordeaux, lile eneo la mvinyo la Ufaransa. Mvinyo uliokuwa unaheshimiwa mezani kwa watu wa tabaka lake ulikuwa wa Ufaransa. Alipohamia San Guido akaona mawe. Ardhi ya mawemawe, maji yanapita hayatuami, mizizi inalazimika kushuka chini kutafuta, na akaona inafanana na ile ya eneo la Graves kule Bordeaux. Ndo akaamua, hapa napanda Cabernet, zabibu ya Kifaransa. Utasikia watu wanasimulia kwamba vipandikizi vililetwa kutoka Château Lafite, shamba maarufu la Bordeaux, ni hadithi tamu na inauza, lakini Mario mwenyewe kwenye barua aliyomwandikia mwandishi wa mvinyo Luigi Veronelli mwaka 1974 alieleza kwamba aliwahi kuonja mvinyo wa Cabernet kutoka shamba la rafiki zake, familia ya Salviati, huko Migliarino karibu na Pisa, akakuta ule unukio wa Bordeaux aliokuwa anautafuta. Kwa hiyo mbegu ilikuwa ni ya Ufaransa kwa asili ila ilishakaa Toscana miaka mingi. Hakuna haja ya Lafite.

Shamba la kwanza likapandwa miaka ya 1940, juu mlimani, Castiglioncello, mbali na upepo wa bahari, maana hata yeye na ubishi wake wote bado alikuwa anauogopa ule upepo. Kipande kidogo tu.

Mvinyo wa kwanza ukatoka, watu wa pale wakauonja, wakakunja sura.

Hapa kuna jambo la kitaalamu kidogo lakini ndo moyo wa habari nzima. Mvinyo mwekundu unapata rangi na ukavu wake kutoka kwenye ganda na mbegu za zabibu, kile kinachokukausha ulimi kinaitwa tanini. Zabibu ya Cabernet Sauvignon ni ndogo, ganda nene, kwa hiyo tanini ni nyingi. Mvinyo wake ukiwa mchanga unakuwa mkali, umefunga, unakwaruza. Ukiulaza kwenye chupa miaka kadhaa zile tanini zinaungana, zinalainika, harufu zinafunguka, unakuwa kitu kingine kabisa. Watu wa Bolgheri walizoea mvinyo mwepesi unaonywewa mwaka huohuo, sasa unampa mtu Cabernet ya mwaka mmoja atakwambia nini? Mario hakubishana nao. Kila mwaka akawa anaweka kesi chache kwenye stoo ya Castiglioncello, familia na marafiki wanakunywa, na kadiri miaka ilivyokwenda wakagundua zile chupa za zamani zimekuwa nzuri ajabu. Kwa karibu miaka 20, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 mpaka 1967, Sassicaia haikuuzwa. Ilikuwa mvinyo wa nyumbani.

Miaka ya 1960 akaongeza mizabibu, safari hii akashuka chini kwenye lile shamba la mawe lililoupa mvinyo jina lake, na upepo wa bahari haukuua kitu, bali ulisaidia kukausha majani. Wale wazee walikuwa wamekosea. Sasa mvinyo umekuwa mwingi kuliko marafiki, ikabidi uuzwe, na ndo hapo lile tawi la dada mtu linaingia. Piero Antinori, yule mtoto wa Carlotta, akakubali kuuza mvinyo wa mzee wake kupitia kampuni ya familia yake. Mavuno ya 1968 ndo yakawa ya kwanza kuingia sokoni, mwaka 1971.

Antinori alileta na mtu, na mi naamini huyo mtu ana thamani kuliko mtandao wote wa mauzo. Giacomo Tachis, mtaalamu wa kutengeneza mvinyo, na nyuma yake kulikuwa na ushauri wa Émile Peynaud, profesa wa Bordeaux. Kabla yao mambo ya San Guido yalikuwa ya kienyeji kiasi, kila msimu unatoka na sura yake. Ukaja utaratibu wa kuchachusha kwenye matangi ya chuma cha pua ambako joto linadhibitiwa, kisha mvinyo unahamishiwa kwenye mapipa madogo ya mwaloni wa Ufaransa, ya lita 225, unakaa humo kama miaka miwili hivi. Pipa dogo sio mapambo. Kwenye pipa dogo mvinyo unagusana na mbao nyingi zaidi ukilinganisha na ujazo wake, hewa kidogo sana inapenya, tanini zinaanza kutulia mapema, na mbao yenyewe inaachia harufu. Toscana wakati ule walitumia mapipa makubwa kabisa, ya zamani, kwa hiyo kuonekana na vipipa vya Kifaransa ilikuwa kama unaleta uzungu ndani ya uzungu.

Haya, sasa sheria.

Mwaka 1963 Italia ilipitisha sheria ya kupanga mvinyo kwa madaraja. Juu ikawekwa DOC, na DOCG juu yake zaidi, na huko chini kabisa vino da tavola. Mtu akiona ngazi anafikiri ni ngazi ya ubora, ila sivyo ilivyokuwa inapima. DOC inasema mvinyo huu umetoka eneo hili lililochorwa kwenye ramani, umetengenezwa na zabibu zilizoorodheshwa za eneo hili, kwa kiasi hiki kwa hekta, kwa njia hii. Ni kama sare ya shule, inakuonyesha mtoto anasoma wapi, haikwambii kama anafaulu. Na ile orodha ya zabibu waliiandika wakiangalia wakulima wa eneo husika walikuwa wanafanya nini tayari, yani mazoea ndo yaligeuzwa kuwa sheria. Mahali pengine mazoea yalikuwa mazuri, mahali pengine sheria ikagandisha hata makosa. Chianti, kwa mfano, kwa kanuni ya mwaka 1967 ulilazimika kuchanganya zabibu nyeupe asilimia 10 mpaka 30 kwenye mvinyo mwekundu! Sababu yake ilianzia kwenye kichocheo cha Bettino Ricasoli, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, ambaye karne ya 19 alitaja zabibu nyeupe kwa ajili ya mvinyo mwepesi wa kunywewa mapema. Wakaichukua ikawa lazima kwa wote. Matokeo yake mkulima wa Chianti aliyetaka kutengeneza mvinyo mzito wa zabibu ya Sangiovese peke yake alikuwa anavunja sheria kwa kufanya kazi vizuri kuliko inavyotakiwa.

Sasa chukua Sassicaia uipitishe kwenye hiyo mashine. Eneo? Bolgheri haikuwa na DOC yoyote. Zabibu? Cabernet Sauvignon asilimia 85 na Cabernet Franc 15, zote za Kifaransa, hazimo kwenye mazoea ya mtu yeyote pale. Mapipa? Ya Kifaransa. Haukuwa na sehemu ya kuingia, kwa hiyo ukaanguka mpaka sakafuni, vino da tavola. Hakuna afisa aliyeuonja akasema ni mbovu. Hakuna aliyeuonja kabisa, kwenye fomu hakukuwa na kisanduku chake.

Kilichofuata ndo kilichowaumbua wenye fomu. Mwaka 1978 jarida la Decanter la Uingereza liliandaa uonjaji London, Cabernet zaidi ya 30 kutoka nchi 11, wataalamu wanaonja, na aliyeongoza ni Sassicaia ya 1972. Mavuno ya 1985 ndo yakamaliza ubishi, mkosoaji wa Marekani Robert Parker akayapa pointi 100, alama za juu kabisa, na hiyo 1985 mpaka leo kwenye minada watu wanatoana roho. Zote hizo chupa, kumbuka, ni mvinyo wa mezani kwa mujibu wa sheria.

Na wengine wakajifunza. Piero Antinori, akiwa na Tachis huyohuyo, alitoa Tignanello ya mavuno ya 1971 pale Chianti, akaacha kuandika jina la Chianti kwenye lebo, bora aitwe wa mezani kuliko kufuata kanuni asizoziamini. Lodovico, mdogo wake, akaanzisha Ornellaia palepale Bolgheri, jirani na San Guido, kwenye ardhi iliyotokea upande wa mama yao. Angalia hiyo ramani, mabinti wawili wa della Gherardesca, na majina matatu makubwa ya mvinyo wa kisasa wa Italia yanatoka kwa mume wa mmoja na watoto wa mwingine. Waandishi wa Kiingereza wakaibatiza hiyo mivinyo yote Super Tuscan, jina ambalo halimo kwenye sheria yoyote, ni la mtaani tu, ila lilibeba bei kuliko daraja lolote la serikali.

Serikali ilianza kuamka taratibu, na ilipoamka mara ya kwanza ilichekesha. Mwaka 1983 Bolgheri ikapewa DOC yake, hongera, lakini ya mvinyo mweupe na wa waridi tu. Mwekundu ulioipeleka Bolgheri duniani ukaachwa nje! Mario alifariki mwaka huohuo wa 1983, usukani ulishakuwa kwa mwanae Nicolò. Halafu mwaka 1986 ikatokea balaa la kitaifa, mvinyo wa bei rahisi uliochanganywa na methanoli uliua zaidi ya watu 20 Italia, mauzo ya nje yakaporomoka, na kila mtu akaanza kuuliza haya makaratasi yetu yanalinda nini hasa. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria mpya iliyoleta daraja la katikati, IGT, lenye kanuni legevu zaidi, na hapo mivinyo mingi ya Super Tuscan ikapata pa kukaa kwa heshima.

Sassicaia wao hawakwenda IGT. Mwaka 1994 DOC ya Bolgheri ilifunguliwa kwa mivinyo myekundu, na ndani yake likachorwa eneo dogo la Bolgheri Sassicaia, na mwaka 2013 eneo hilo likasimama kama DOC inayojitegemea. DOC ya shamba moja, mmiliki mmoja, Italia nzima hakuna nyingine ya hivyo. Kanuni zake zinataka Cabernet Sauvignon isiyopungua asilimia 80 na muda wa kutosha kwenye mapipa ya lita 225, yani walichukua alichokuwa anafanya Mario wakakiandika kuwa sheria. Kama umenifuata mpaka hapa utaona ni utaratibu uleule wa 1963, mazoea kuwa kanuni, tofauti ni kwamba safari hii mazoea yalikuwa ya mtu mmoja mbishi.

Na hiyo kanuni inawabana na wao. Familia ilipotaka kutengeneza mvinyo wenye Merlot nyingi ndani, zabibu nyingine ya Kifaransa, haikuweza kuuita Sassicaia, ukaitwa Guidalberto, ulianza na mavuno ya 2000, na unauzwa kama IGT Toscana. Ni mvinyo mzuri, unaiva mapema, na kwa mfuko wa mtu wa kawaida ndo mlango wa kuingilia pale San Guido, mi ningeanzia huo.

Kwa nini lakini haipo DOCG wakati Chianti ya kawaida ipo tangu 1984? Kwa sababu zile alama ni hatua za kiutawala ambazo eneo linaomba na kupitishwa, na Sassicaia haina cha kupata huko juu. Bei yake haitoki kwenye karatasi. Wala haitoki kwenye uhaba kama wengi wanavyodhani, maana zinatengenezwa zaidi ya chupa laki moja kwa mwaka, ukilinganisha na vishamba vya Burgundy kule Ufaransa vinavyotoa chupa elfu chache huo ni mvinyo mwingi. Bei inatoka kwenye jina, kwenye rekodi ya chupa zilizokaa miaka 30 bado ziko hai, na kwenye soko ambalo likisikia habari njema linachanganyikiwa. Mavuno ya 2015 yalipotajwa na jarida la Wine Spectator kuwa mvinyo namba moja wa mwaka 2018, bei ilipanda na haikurudi ilikokuwa.

Penye jina kama hilo wezi hawakosekani. Oktoba 2020 polisi wa fedha wa Italia, Guardia di Finanza, walivunja mtandao uliokuwa unatengeneza Sassicaia feki, na ukiangalia vifaa vyao ni utandawazi mtupu: mvinyo wa bei chee wa Sicilia, chupa kutoka Uturuki, lebo na makasha kutoka Bulgaria, kila kitu kimenakiliwa mpaka ile nyota ya dhahabu kwenye duara la bluu. Mzigo ulikuwa unalengwa kwa wanunuzi wa nje, Korea, China, Urusi, kwa punguzo la karibu asilimia 70 ya bei halisi. Kwa hiyo ukikutana na mtu Dubai au kwenye mtandao anakuuzia kesi ya Sassicaia kwa theluthi ya bei na ana maelezo marefu kuhusu marehemu mjomba wake aliyekuwa na stoo Milano, usihangaike kuchunguza lebo, lebo ndo kitu cha kwanza walichojifunza kuiga. Muulize ilinunuliwa wapi, risiti iko wapi, na ilihifadhiwa vipi. Akianza kukasirika, funga mazungumzo.